Machozi na Imani: Sanaa ya Baroko Ina Funzo Gani kwa Mhakiki wa Kiswahili?

Mwezi wa Januari, miaka kadhaa iliyopita, shangazi yangu anayelima mahindi katika eneo la Kwanza, nje ya mji wa Kitale, aliuza magunia aliyokuwa ameyaweka akiba tangu mavuno. Fedha hizo zilikuwa na kazi mbili zilizojulikana na kila mtu nyumbani: kununua mbegu na mbolea kabla ya mvua za Machi, na kumlipia binamu yangu karo ya muhula wa kwanza. Jumamosi moja nikaandamana naye hadi mjini kwenye mkutano wa injili. Jua lilipokuwa likitua, kinanda kilipigwa taratibu sana. Mhubiri, aliyekuwa akinguruma tangu saa nane, aliishusha sauti hadi ikawa kama ya mtu anayenong'onea mgonjwa. Alisimulia habari za mjane mmoja na kaburi moja. Kisha akanyamaza. Kimya hicho kilidumu kitambo, na watu wakaanza kulia. Nakiri kwamba mimi pia nililia.

Machozi yakiwa bado mashavuni, ndoo za sadaka zilipitishwa. Wenye majonzi walitakiwa wapande mbegu ili wavune faraja. Tulipofika nyumbani ndipo nilipofahamu kwamba mkoba wa shangazi ulikuwa mtupu. Binamu yangu alikaa nyumbani muhula mzima.

Nilimwendea shangazi kwa hasira ya msomi nikamwambia kwamba alikuwa amelaghaiwa. Alinitazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, tangu tumzike mjomba wako hakuna aliyenipa nafasi ya kulia. Kila mtu aliniambia nijikaze. Yule alinipa nafasi." Jibu hilo limenisumbua kuliko hasara yenyewe. Sikuwa na hoja ya kulikabili, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kusoma fasihi nilikuwa nimefunzwa kuchambua tamthilia, riwaya na ushairi, lakini si kile kilichotokea uwanjani jioni ile.

Makala haya ni jaribio la kumjibu shangazi. Maoni yangu ni kwamba kuamsha hisia ili kuimarisha imani ni sanaa kongwe yenye kanuni zake. Kwamba sanaa hiyo haipaswi kubezwa wala kuaminiwa ovyo. Na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuihakiki. Nitaanzia mbali kidogo, Ulaya ya karne ya 16 na ya 17, kwa sababu huko kanuni hizo zilijadiliwa waziwazi, kisha nitarejea pwani yetu na hatimaye Bungoma na Kitale.

Baroko: imani inayopitia macho

Katika karne ya 16, Kanisa Katoliki lilikabiliwa na upinzani mkali wa Waprotestanti. Baadhi yao waliziona sanamu na picha za makanisani kuwa ibada ya masanamu, wakazivunja na kuzichoma. Kanisa lilijibu kupitia Mtaguso wa Trento, uliokutana kwa vipindi kati ya mwaka wa 1545 na 1563. Katika kikao chake cha mwisho, Desemba 1563, Mtaguso uliamua kwamba picha zibakie, kwa kuwa huwafundisha watu na kuwachochea wampende Mungu na kuishi kwa uchaji. Mtaguso huohuo ulionya dhidi ya ushirikina na dhidi ya kujitafutia faida chafu kwa njia ya picha hizo. Msomaji alikumbuke onyo hilo, kwani nitalirejelea.

Kabla ya hapo, Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alikuwa amekwisha kuchapisha mwongozo wake wa mazoezi ya kiroho mwaka wa 1548. Humo mwenye kusali huelekezwa aitumie milango yote mitano ya fahamu: auone moto wa jehanamu, asikie vilio, anuse moshi, aonje uchungu wa machozi, ahisi joto. Imani, kwa mtazamo huu, haiwezi kukaa kichwani pekee. Ni lazima ipite mwilini.

Sanaa ya Baroko ilikulia katika udongo huo. Mchoraji Caravaggio, mwanzoni mwa karne ya 17, alichora Bikira Maria akiwatokea mahujaji wawili maskini. Picha hiyo ingali katika kanisa la Mtakatifu Augustino mjini Roma. Hujaji mmoja amepiga magoti, na nyayo zake chafu zinamwelekea mtazamaji. Kabwela aliyeingia kanisani humo, naye akiwa na miguu ya vumbi, alijiona ndani ya picha. Mchongaji Bernini naye, kati ya mwaka wa 1647 na 1652, alimchonga Mtakatifu Teresia akiwa amezimia kwa upendo wa Mungu, malaika amesimama mbele yake na mshale. Juu yao pana dirisha lililofichwa, na nuru yake huishukia miali iliyopakwa dhahabu, hata mtazamaji akadhani mwanga unatoka mbinguni. Ukutani, pande zote mbili, wamechongwa watu wa ukoo wa Cornaro walioigharimia kazi hiyo. Wameketi kama watazamaji wa tamthilia walio katika viti vya heshima. Nani kati yetu hajawaona wafadhili wakikalishwa mbele mkutanoni?

Wala tusidhani kwamba mambo haya yamebakia Roma. Ingia katika kanisa lolote la Kikatoliki, iwe ni la jimbo la Bungoma, lililoundwa mwaka wa 1987, au la jimbo la Kitale, lililoundwa mwaka wa 1998. Ukutani utakuta vituo 14 vya Njia ya Msalaba. Idadi hiyo ya 14 iliwekwa rasmi na Papa Klementi wa 12 mwaka wa 1731, katika zama hizohizo za Baroko. Ijumaa za Kwaresima mkulima wa Kwanza na mwalimu wa Kimilili hutoka kituo hadi kituo wakipiga magoti, na kila kituo kinawadai wahuzunike.

Duara la Pozzo

Kuna kazi moja ya Baroko ninayoiona kuwa mwalimu bora wa uhakiki. Andrea Pozzo, bradha wa Kijesuiti, alipaka rangi dari ya kanisa la Mtakatifu Ignasi mjini Roma mwanzoni mwa miaka ya 1690. Aliyesimama chini huona kuta za kanisa zikiendelea kupanda juu, nguzo kwa nguzo, mpaka zinafunguka kwenye mbingu yenyewe, na watakatifu wanapaa. Hakuna nguzo hata moja huko juu. Yote ni rangi tu.

Hata hivyo Pozzo hakuificha siri yake. Katika sakafu ya kanisa hilo pana duara la mawe linaloonyesha mahali hasa pa kusimama. Ukisimama juu yake, mbingu zinafunguka. Ukisogea hatua kadhaa kando, nguzo zinaanza kuinama na kupindana kana kwamba zinaanguka, nawe unagundua jinsi ulivyosadikishwa. Unaweza kurudi durani tena, nazo zitasimama wima.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi ya mhakiki. Anasimama durani kwanza, kwa sababu asiyewahi kuguswa na kazi ya sanaa hana la kusema juu yake. Baadaye anasogea kando, apime pembe na rangi. Mwalimu wa balagha Aristotle alitaja nguzo tatu za ushawishi: hulka ya msemaji, hisia za hadhira na hoja yenyewe. Mwenye kubaki durani huona hisia tu. Asiyewahi kulikanyaga duara huzungumzia hoja tu. Wote wawili wanamsoma nusu mhubiri.

Pate, Kaimosi, Chetambe

Tusidhani pia kwamba sanaa hii ni ya Wazungu pekee. Wakati Ulaya ilipokuwa ikijenga makanisa ya Baroko au muda mfupi baadaye, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi katika mazingira ya Pate na Lamu. Sote tumelisoma shairi hilo darasani. Mtunzi anauhutubia moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate yalivyokuwa na taa na vyombo vya kaure, kisha anauonyesha magofu: ndege wamejijengea mahali pa vyombo, na ukimya umetawala palipokuwa na vicheko. Mwishoni anauonyesha moto wa jehanamu. Loyola angeutambua mwendo huo mara moja, ijapokuwa dini ni nyingine na lugha ni nyingine. Msomaji anafundishwa kuiogopa dunia kwa kuonyeshwa nyumba aliyoweza kuiendea kwa miguu na kuigusa kuta zake.

Nikirejea nyumbani magharibi, kisa cha kwanza ni cha Kaimosi. Wamisionari wa Kikweka kutoka Marekani walianzisha kituo chao hapo mwaka wa 1902, na kanisa lao la Friends likaenea hadi Bungoma na kwingineko. Wakweka ni watu ambao kihistoria walithamini kumngojea Mungu kwa utulivu. Mwaka wa 1927 ukazuka uamsho hapo Kaimosi: waumini wakaungama dhambi zao kwa sauti, wakalia, wakatetemeka na kunena kwa lugha. Uongozi wa misheni ulipata hofu, ukaukataza mwenendo huo, na walioshikilia uamsho walitengwa. Kutokana na mpasuko huo likazaliwa kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu, ambalo waumini wake wapo magharibi mwa Kenya hadi leo. Swali lililobishaniwa Kaimosi lilikuwa lile la Trento kwa sura nyingine: je, mwili na machozi yake una nafasi katika sala?

Kisa cha pili ni cha Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Serikali ya kikoloni ilimtia mbaroni, na mwaka wa 1945 ikampeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipoachiliwa mwaka wa 1947, aliwakusanya maelfu ya wafuasi Chetambe, karibu na Webuye, mahali Wabukusu walipouawa kwa bunduki za Waingereza mwaka wa 1895. Walikwenda kuwaombolezea wafu ambao hawakuwa wameombolezewa hadharani kwa zaidi ya miaka 50. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi huko Malakisi, watu 11 wakafa. Dini hiyo ilipigwa marufuku, naye Masinde akahamishwa hadi Lamu, kando ya Pate ile ya Inkishafi.

Tuwe waangalifu na funzo la Masinde. Serikali iliona watu wanalia, ikasema ni wazimu. Ilishindwa kuona kwamba kilio kile kilikuwa na sababu: mahali mahususi, mwaka mahususi, na wafu waliokuwa na majina. Kila tunapomcheka mama anayegaagaa vumbini uwanjani Kitale, tunaweza kuwa tunarudia kosa la daktari wa Mathari.

Kisa cha tatu bado ni hai. Ni kumuse ya Wabukusu. Afapo mzee mwenye hadhi, siku chache baada ya maziko watu huketi kimya, na mwenye kipawa cha kumuse hutembea kati yao, huku na huko, akisema. Husimulia asili ya koo na mahali zilipopita. Hukemea wanaogombania mashamba na kuwaonya vijana. Watu huguswa mno na maneno yake. Hata hivyo, atokaye hapo ametoka na kitu: amejua yeye ni wa nani, amesikia kosa la jamaa yake likitajwa, amepewa agizo la kutimiza. Huzuni ya msiba imegeuzwa kuwa elimu.

Vigezo vitatu

Kutokana na mifano hiyo napendekeza maswali matatu ambayo mhakiki anaweza kuyauliza mbele ya mahubiri yoyote, wimbo wowote wa kwaya au mchoro wowote wa kidini.

Swali la kwanza: je, hadhira inaonyeshwa kitu, au inaamriwa tu ihisi? Caravaggio alionyesha nyayo. Sayyid Abdalla alionyesha magofu. Mwenye kumuse huonyesha historia ya ukoo. Mhubiri wa Kitale alitusimulia mjane asiye na jina na kaburi lisilo na mahali. Sura zote zilijazwa na sisi wenyewe. Shangazi alimlilia mumewe, si mjane wa mhubiri.

Swali la pili: hisia zikishapoa, kinabakia nini? Kila hisia hupoa. Ikiwa kesho yake msikilizaji ana fundisho, kumbukumbu au wajibu mikononi, hisia imefanya kazi ya mjumbe: imeleta barua na kuondoka. Ikiwa kilichobakia ni hamu ya kurudi Jumamosi ijayo ili kulizwa tena, basi mjumbe alikuja mikono mitupu.

Swali la tatu, ambalo ndilo zito zaidi: je, hadhira inapewa muda wa kutoka durani kabla ya kutakiwa itoe uamuzi? Hapa ndipo palipo na kosa la jioni ile. Mhubiri hakukosea kuwaliza watu. Alikosea kuidai fedha machozi yakiwa hayajakauka. Kati ya kulia na kutoa hapakuwa na hata usiku mmoja wa kulala na kutafakari. Baba wa Mtaguso wa Trento, ambao hawakuwa maadui wa hisia hata kidogo, ndio haohao waliokataza faida chafu. Walijua kwamba moyo uliolainika ni rahisi kuuchonga, na pia ni rahisi kuuibia.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba kuyahakiki mahubiri ni kumhakiki Mungu. Sikubaliani nao. Mahubiri hutungwa na binadamu, kwa lugha ya binadamu, kwa takriri, tashbihi, kimya na mdundo tunavyovifundishwa kila siku. Ikiwa tumeweza kuchambua kaswida na tenzi za kidini bila ya kuukana Uislamu, tunaweza kuchambua mahubiri bila ya kuukana Ukristo. Imani ya kweli haiogopi kutazamwa kutoka kando ya duara. Wengine watasema kwamba Baroko yenyewe ilikuwa chombo cha mapapa na matajiri. Ni kweli, na ukoo wa Cornaro ungali umeketi pale kututhibitishia. Ndiyo sababu sijaileta Baroko hapa kama kielelezo cha wema. Nimeileta kwa kuwa imetuachia duara sakafuni.

Wajibu wetu

Jambo hili si mchezo wa darasani. Kuanzia Aprili 2023, taifa letu lilishuhudia miili ya zaidi ya watu 400 ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofikishwa mahakamani, waumini hao walishawishiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini ushawishi huo ulipitia wapi, kama haukupitia maneno? Mahubiri yanayotumia Kiswahili husikika kila siku redioni, sokoni na viwanjani. Wataalamu wa sheria na wa saikolojia wamesema yao. Wataalamu wa lugha tumesema nini?

Napendekeza mambo mawili kwa chama chetu na kwa wahadhiri wetu. Kwanza, mahubiri ya hadhara, ushuhuda na hotuba za mazishi vitambuliwe rasmi kuwa matini za fasihi simulizi zinazostahili kukusanywa na kuchambuliwa, kama tunavyokusanya ngano na vitendawili. Wanafunzi wanaotoka Bungoma na Trans Nzoia wataanza na kumuse, kabla wazee wenye kipawa hicho hawajatutoka. Pili, somo la balagha lisiishie katika kuorodhesha tamathali. Limfunze mwanafunzi kuuliza tamathali hiyo inamfanyia nani kazi gani, na kwa faida ya nani.

Namrudia shangazi. Kama ningeulizwa leo, nisingemwambia tena kwamba alilaghaiwa. Ningemwambia kwamba alistahili kulia, na kwamba kosa letu sisi jamaa zake lilikuwa kumwambia ajikaze, hata akalazimika kuutafuta uwanja wa kulilia kwa wageni. Halafu ningemwomba jambo moja tu: atakapoguswa tena, alie mpaka atosheke, arudi nyumbani, alale, na asubuhi ndipo aamue juu ya mahindi yake.

Binamu yangu alirejea shuleni muhula wa pili. Shangazi angali anahudhuria mikutano ya injili. Ila siku hizi mkoba huuacha nyumbani.